Kabbala, Hesabu za Majina na Kuitakasa Nafsi: Majibu kwa Anayeanza



Swali limetufikia kutoka Galula, Wilaya ya Songwe, mkoani Songwe. Muulizaji ni kijana wa Pemba mwenye duka la rejareja huko. Mkewe na watoto wao wawili wako Wete kwa wazee wake. Barua yake ni ndefu. Tumeifupisha bila kugeuza maana na tumeondoa yanayoweza kumtambulisha.

Anasema biashara imemwendea vibaya tangu mwaka jana. Rafiki yake akamuunga katika kundi la simu linalofundisha kile wanachokiita Kabbala na ukuaji wa roho. Masomo ya mwanzo aliyapenda: kuzuia hasira, kushukuru, kujihesabu kabla ya kulala. Kisha mwalimu akamtaka jina lake, la mama yake na la mkewe. Akayapigia hesabu, akamwambia nyota ya mke inaizima nyota yake, na riziki haitafunguka mpaka waachane. Akauziwa na uzi mwekundu wa kufunga mkononi. Ni mwezi wa tatu sasa hajatuma matumizi nyumbani, na mkewe hajui sababu. Anatuuliza maswali saba, na anasema hajatamka talaka.

Kabla ya kueleza lolote, tunatanguliza mambo mawili yasiyongoja. Kwanza, ndugu yetu, usitamke talaka kwa sababu ya hesabu hiyo. Pili, tuma matumizi leo hii, kwa kadiri ya ulichonacho. Matumizi ya mke na watoto ni wajibu juu yako, hayaondolewi na nyota ya mtu. Baada ya hapo tuingie katika maswali.

SWALI LA 1: Kabbala ni nini hasa?

JIBU: Kabbala ni elimu ya batini ya Kiyahudi. Neno lenyewe ni la Kiebrania na maana yake ni kupokea, yaani mafunzo yaliyopokewa kutoka kwa waliotangulia. Kiebrania na Kiarabu ni ndugu, na mzizi huo wa qaf, ba na lam tunao hata sisi katika Kiswahili kupitia Kiarabu: kubali, kabla, kibla na kabila.

Kitabu chake mashuhuri ni Zohar, kilichodhihiri Hispania mwishoni mwa karne ya 13. Wafuasi wake wanakinasibisha na Shimon bar Yochai, mwanachuoni wa Kiyahudi wa karne ya 2. Watafiti wengi wanaona sehemu yake kubwa iliandikwa na Moses de León, aliyefariki mwaka 1305, au na watu wa zama zake. Katika karne ya 16 elimu hiyo ilishamiri katika mji wa Safed, Palestina, chini ya utawala wa Uthmaniya. Hapo ndipo alipofundisha Isaac Luria, aliyefariki mwaka 1572, na mafunzo yake ndiyo yaliyoenea zaidi baadaye.

Msingi wake ni kuwa Mungu katika dhati yake hafikiwi na akili, nao humwita kwa jina lenye maana ya Asiye na Mwisho. Wanasema anadhihiri katika daraja kumi: hekima, rehema, hukumu, ufalme na nyinginezo. Mwanadamu kwa ibada na matendo yake husaidia kuutengeneza ulimwengu ulioharibika.

Mambo mawili wanaoanza hawaelezwi. La kwanza, si Wayahudi wote wanaoifuata. Musa bin Maimun, tabibu na mwanachuoni mkubwa wa Kiyahudi aliyefariki Misri mwaka 1204, aliwakemea vikali waandishi wa hirizi waliodai kuwa majina fulani ya Mungu yana nguvu za ajabu. La pili, wenyewe kwa desturi waliizuilia kwa mtu aliyekomaa, ameoa, na ameibobea sheria yao kwanza; wengi walitaja umri wa miaka 40. Basi anayeiuza kwa simu kwa kijana wa Kiislamu kwa ada ya kila wiki hafuati hata utaratibu wa wenye nayo.

SWALI LA 2: Inafanana na tasawwuf? Kuna ubaya gani kuisoma?

JIBU: Yako mambo yanayofanana, na historia inaonyesha watu walisikilizana. Bahya ibn Paquda, Myahudi wa Andalusia katika karne ya 11, aliandika kwa Kiarabu kitabu kuhusu faradhi za moyo, na athari ya wacha Mungu wa Kiislamu imo ndani yake waziwazi. Ibrahim, mtoto wa yule Musa bin Maimun, aliyefariki mwaka 1237, aliwasifu masufi wa Misri na kuwahimiza watu wake waige adabu zao. Kwa hiyo ukikuta huko funzo la kuzuia hasira au kujihesabu, usishangae. Mengi ya hayo yamo katika dini yako, na kwa ukamilifu zaidi.

Ama itikadi, hapo njia zinaachana. Sisi tunamthibitishia Allah majina na sifa zake kama alivyojithibitishia, bila ya kuzifanya ngazi anazoshukia kuja kwa viumbe, wala hatusemi kuwa Mola anahitaji matendo yetu ili jambo lake litengemae. Yeye ni Mkwasi, sisi ndio mafakiri.

Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) ameruhusu kusimulia habari za Bani Israil, na pia ameelekeza kuwa wanayoyasimulia Watu wa Kitabu tusiyasadiki wala tusiyakadhibishe. Hadithi zote mbili zimo katika Bukhari. Wanavyuoni wamefafanua kuwa hayo ni kwa yale ambayo dini yetu haikuyathibitisha wala kuyakanusha. Hivyo mwanachuoni anayesoma Kabbala ili aijue na aweze kuwajibu watu, au mwanafunzi wa chuo kikuu katika somo la dini mbalimbali, hana lawama akiwa na msingi imara. Ama anayeanza, ambaye bado hajajua vizuri sharti za Swala yake, kuifanya njia ya kumfikia Mola wake haimjuzii.

SWALI LA 3: Mwalimu anasema hesabu za herufi ni elimu ya manabii, na hata masheikh wetu wanazo. Kweli?

JIBU: Ni kweli kwamba herufi zilitumika kuwa tarakimu. Waebrania walifanya hivyo, na Waarabu pia kwa mpangilio wa abjad: alif ni 1, ba ni 2, jim ni 3, dal ni 4, na kuendelea. Neno hai kwa Kiarabu, ha na ya, ni 8 na 10, jumla 18. Kwa Kiebrania vilevile ni 18, na ndiyo sababu Wayahudi wengi hupenda kutoa sadaka kwa mafungu ya 18. Watu wa Kabbala hutaja pia kuwa neno la Kiebrania la mmoja na neno la upendo yote mawili ni 13. Kuweka tarehe katika mashairi kwa abjad, au kuhesabu kurasa, hakuna tatizo. Huo ni uandishi tu.

Tatizo ni kudai kuwa jumla ya herufi inafichua ghaibu. Jaribu mwenyewe. Neno la Kiarabu jaah, yaani cheo na heshima, ni jim, alif na ha: 3, 1 na 5, jumla 9. Neno jadb, yaani ukame, ni jim, dal na ba: 3, 4 na 2, jumla 9. Je, heshima na ukame ni kitu kimoja? Namba moja ina maneno mengi mno, mazuri na mabaya, na mpigaji huchagua lile analolitaka.

Na huko kwetu Pwani hesabu hii si ngeni. Waganga wa kitabu huchukua jina la mtu na la mama yake, wakajumlisha, wakatoa kumi na mbili kumi na mbili, na kinachobaki wakakiita nyota yake. Wengi wao hutegemea vitabu vinavyonasibishwa na Abu Maashar, mnajimu wa karne ya 9 (karne ya 3 Hijria), na Shamsul-Maarif inayonasibishwa na al-Buni, aliyefariki katika karne ya 13. Kuandikwa kitu kwa Kiarabu hakukifanyi kuwa dini. Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake, aliijadili elimu ya siri za herufi pamoja na mlango wa sihri na talasimu, na akaonyesha jinsi mambo hayo yalivyo karibu. Basi alichouziwa ndugu yetu kwa jina la Kabbala ni ramli ile ile ya mtaani, imebadilishwa kanzu tu.

Dalili iko wazi. Suratun-Naml aya ya 65 inakanusha kuwa yeyote mbinguni au ardhini anaijua ghaibu isipokuwa Allah. Na Muslim amepokea kuwa anayemwendea mtabiri akamuuliza jambo, Swala yake haikubaliwi siku arubaini. Wanavyuoni wameeleza kuwa anayekosa ni thawabu. Wajibu wa kuswali uko palepale, na hawezi kusema nisubiri siku ziishe. Anayemsadiki kuwa anaijua ghaibu, hatari yake ni kubwa zaidi, kwani imekuja Hadithi kuwa huyo ameyakufuru aliyoteremshiwa Muhammad (Swalla Allahu alayhi wa sallam).

SWALI LA 4: Je, nyota ya mke inaweza kuzuia riziki ya mume? Nimwache?

JIBU: Hapana, na usimwache kwa hilo. Suratul-Baqarah aya ya 102 inaposimulia habari za Babil, inataja kwa jina matunda ya sihri: kutenganisha baina ya mtu na mkewe. Aya hiyo hiyo inasema hawamdhuru nayo yeyote ila kwa idhini ya Allah. Na katika Hadithi ya Jabir aliyoipokea Muslim, Iblis huwatuma askari wake, na anayemkurubisha kwake ni yule anayeleta habari kuwa hakumwacha mtu mpaka amemfarikisha na mkewe. Pima mwenyewe: mwalimu wa roho ambaye somo lake linaishia kwenye talaka anafanya kazi ya nani?

Huyo mama wa watoto wako hakufanya kosa lolote. Umemhukumu bila shahidi, bila kumsikiliza, na adhabu umempa yeye na watoto. Suratul-Hujurat aya ya 6 inatuamrisha kuhakikisha habari ya fasiki kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga, na aya ya 12 inakataza dhana. Mpigie simu, umwombe radhi, umweleze ukweli kwa upole. Usimwachie nafasi ya kudhani kuwa umeoa huko bara.

Ama riziki, itafute katika sababu zake. Fungua daftari la deni uone ni kiasi gani kiko mikononi mwa watu. Penye wateja wengi wakulima, fedha huingia wakati wa mavuno, na anayekopesha mwaka mzima bila mpango hukwama miezi ya katikati. Tazama bei ya mzigo na nauli yake mpaka dukani, na uulize wenye maduka waliodumu huko. Kisha omba dua na utoe sadaka hata kidogo. Kufunga ngamia na kutawakali vinakwenda pamoja.

SWALI LA 5: Na uzi mwekundu nimeshaufunga. Si sawa na hirizi zetu?

JIBU: Uvue. Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) amekemea kuvaa kitu kwa kuitakidi kuwa kinakinga, na katika Hadithi ya Uqba bin Amir iliyopokewa na Ahmad, amekuita kutundika tamima kuwa ni shirki. Ukiitakidi kuwa uzi wenyewe una nguvu, hiyo ni shirki kubwa; ukiudhani ni sababu tu, umefanya sababu kitu ambacho Allah hakukifanya sababu.

Hirizi yenye aya za Qur'ani peke yake, salaf walikhitilafiana. Imepokewa kutoka kwa Abdullah bin Amr aliyeruhusu, na Ibn Masud aliyekataza. Sisi tunaona kuiacha ni salama zaidi, kwa sababu leo mtu haoni kilichoandikwa ndani, na mara nyingi ni majedwali ya namba na majina yasiyojulikana. Kisomo cha kujikinga hakina ubaya maadamu hakina shirki, kama ilivyothibiti katika Muslim. Soma Ayatul-Kursiy, na Ikhlas, Falaq na Nas mara tatu asubuhi na jioni. Hayo hayana ada wala hayahitaji jina la mama yako.

SWALI LA 6: Masomo ya mwanzo yalinisaidia kweli. Sina sheikh karibu. Nitakuaje kiroho?

JIBU: Swali hili ndilo zuri kuliko yote, na kiu yako si dosari. Suratush-Shams, baada ya viapo vingi, inafungamanisha kufaulu na kuitakasa nafsi. Suratul-Jumua aya ya 2 inaitaja tazkiya kuwa moja ya kazi za Mtume. Na Hadithi ya Jibril, iliyopokewa na Muslim kutoka kwa Umar, inaweka Ihsani juu ya Uislamu na Imani: kumwabudu Allah kama unayemuona, na ikiwa humuoni, yeye anakuona.

Umma huu haukuwa maskini wa elimu hii. Al-Muhasibi wa karne ya 3 Hijria aliitwa hivyo kwa wingi wa kuihesabu nafsi yake. Al-Junayd wa Baghdad alisisitiza kuwa njia yote imefungwa na Qur'ani na Sunna. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), aliuandikia moyo vitabu vizima ndani ya Ihyaa. Kwetu Afrika Mashariki, Sheikh Uways wa Barawa, aliyefariki mwaka 1909, aliieneza Qadiriya. Sheikh Muhammad Maaruf wa Ngazija, aliyefariki mwaka 1905, aliieneza Shadhiliya. Na Unguja walikuwepo Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir, waliofariki wote mwaka 1925, waliofundisha fiqhi na adabu pamoja. Waislamu wanatofautiana kuhusu baadhi ya mambo ya twariqa, na hapa si mahali pa kuyamaliza. Wanachokubaliana ni kuwa mizani ni Sharia: linalovunja faradhi au kuhalalisha haramu halimkurubishi mtu kwa Allah.

Kwa anayeanza peke yake, tunapendekeza haya, kwa mpangilio huu:

1. Faradhi kwanza. Katika Hadithi al-Qudsi aliyoipokea Bukhari, mja hajikurubishi kwa kitu kipendwacho zaidi kuliko alichofaradhishiwa, kisha huendelea kwa sunna mpaka akapendwa. Matumizi ya familia ni katika faradhi hizo.

2. Swala tano kwa wakati, jamaa ukiweza, hata msikiti ukiwa na watu watatu.

3. Ukurasa mmoja wa Qur'ani kila siku pamoja na tafsiri yake ya Kiswahili.

4. Dhikri za asubuhi na jioni. Suratur-Raad aya ya 28 imeahidi utulivu wa moyo humo.

5. Muhasaba kabla ya kulala: nimemdhulumu nani leo, katika mizani, katika bei, katika ulimi?

6. Tabia moja kwa mwezi. Anza na hasira.

Chukua kidogo kinachodumu. Mama Aisha (Radhiya Allahu anha) amepokea kuwa amali inayopendwa zaidi na Allah ni ya kudumu, hata ikiwa ndogo. Na kuhusu mwalimu, ulizia kwa sheikh wa wilaya huko Mkwajuni, au kwa masheikh wa Mbeya mjini. Darasa la mara moja kwa mwezi la uso kwa uso lina baraka kuliko sauti mia za mtu usiyemjua.

SWALI LA 7: Na fedha nilizolipa? Na nifanye nini na watu wa kundi lile?

JIBU: Malipo ya mtabiri ni haramu kwa Hadithi ya Abu Masud iliyo katika Bukhari na Muslim. Unaweza kudai urudishiwe. Ukishindwa, usitoe nyingine kufuatia za mwanzo. Jitoe katika kundi, mweleze kwa faragha rafiki aliyekuunga, na usimtumie mtu yeyote masomo yale.

Zingatia na hili. Ramli inayotaja mtu kuwa chanzo cha balaa haiishii kwenye talaka. Nyanda za Juu Kusini na Kanda ya Ziwa, watu wamefukuzwa vijijini na wengine wameuawa, wakiwemo wazee, kwa kutajwa na wapiga ramli chonganishi. Kumtuhumu mtu uchawi ni kosa pia kwa Sheria ya Uchawi ya nchi yetu, ambayo asili yake ni ya mwaka 1928. Leo ametajwa mkeo. Kesho atatajwa jirani yako, naye ana watoto. Ukisikia ramli ya namna hiyo mtaani, usinyamaze: mwambie mwenyekiti wa kijiji.

KWA FAMILIA ZILIZOKO VISIWANI

Vijana wetu wametapakaa bara kutafuta riziki, na wengi wako peke yao. Upweke na hasara ndio mlango wanaoingilia watu hawa. Wazee, mpigieni simu mtoto bila ya kumuuliza pesa kwanza. Mke akiona mume amebadilika ghafla, ambaye hakuwa na desturi hiyo, amuulize kwa utulivu kabla ya kudhani, na ikibidi ashirikishe wazee wa pande mbili. Akinyimwa matumizi, ana haki ya kwenda kwa Kadhi, na hilo si utovu wa adabu.

Mwalimu wa roho mtamjua kwa alama. Wa kweli anakurudisha kwenye Swala, kwa wazazi na kwa mkeo. Anajulikana alisoma wapi na kwa nani. Na akiulizwa asilolijua husema sijui. Wa uongo anataka jina la mama, anataka siri isijulikane na familia, anapandisha ada kila hatua, na daima anamtaja mtu wa karibu kuwa ndiye adui.

Tunamuomba Allah aziunganishe nyoyo za kila mume na mke waliotenganishwa na masafa, awafungulie riziki ya halali, na atutakasie nafsi zetu, kwani yeye ndiye mbora wa kuzitakasa.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.